Mwanangu mpole nyumbani, kumbe shuleni ndo mbabe. Nisaidieni kuelewa

#1 Mama Mwanga
Habari za jioni wadau. Naandika nikiwa Mwanga hapa Kigoma na leo ni siku ya tatu sijalala vizuri. Mwanangu ana miaka 15, yuko fomu tuu. Nyumbani huyu mtoto ndo wa kwanza kuamka, anachota maji, anaamkia kila mtu mzima anayepita, bibi yake miguu ikimuuma yeye ndo anamkanda bila kuambiwa.

Juzi nikaitwa shule, nikafikiri ni michango au kaumia mpirani. Kumbe kuna mtoto kahamia pale kutoka vijijini huko Kasulu, upande wa kambi za wakimbizi, Kiswahili chake kimechanganyika na Kiha, basi wakampa jina Mkimbizi. Akinyoosha mkono kujibu swali darasa zima linaguna. Wanamfichia madaftari, wanamuuliza kadi yako ya kambi iko wapi, mara posho ya mahindi umeshachukua. Mwisho yule mtoto akawa anaaga kwao asubuhi na sare kavaa, halafu haendi shule, anaenda kukaa mwaloni Kibirizi, kule boti za wavuvi zinapotia nanga, mpaka mchana. Wiki mbili. Na aliyeanzisha lile jina ni mwanangu mimi.

Sijaja kuuliza nimpe adhabu gani. Swali langu ni moja: mtoto anayemkanda bibi yake miguu, huyohuyo anawezaje kumfanyia mwenzie hivyo? Hajui kwamba ni vibaya? Au anajua? Maana kama hajui nitamfundisha, kama anajua sasa nimfundishe nini.

#2 Msumari
Pole dada. Mimi nasema wazi, hawa watoto wameharibika tangu fimbo ipigwe vita. Sisi tulichapwa na tukanyooka. Mtandike mbele ya huyo aliyemuonea, utaona kama atarudia.

#3 Dogo wa Gungu
Shikamooni wakubwa. Mimi nipo fomu foo kwa hiyo haya mambo nayaona kila siku. Mama yetu usimuone mwanao kama shetani, shuleni kila mtu ana jina. Kuna anaitwa Kichwa, kuna Sabuni, kuna Mgebuka, kama yule samaki, kwa sababu ni mrefu mwembamba. Ni utani tu, ukikasirika ndo unazidi kuitwa.

#4 Njuka Mstaafu
Dogo hapo #3 umenigusa pabaya. Mimi nilisoma bweni mkoa wa Tabora, shule siitaji. Nilipoingia fomu wani tuliitwa njuka. Njuka anachota maji ya kaka fomu foo, anafua nguo zake, anatandika kitanda chake, akichelewa anaambiwa aimbe amesimama juu ya tranka lake usiku wakati wenzie wamelala. Na mimi nikawa najiambia nikifika fomu foo sitamfanyia mtu hivi, naapa. Nilipofika fomu foo nikawafanyia, na sikumbuki hata siku niliyobadilika. Nakumbuka tu nilikuwa nasema "na sisi tulifanyiwa". Hilo neno lilikuwa linatosha kabisa. Kwa hiyo Mama Mwanga mimi nasema huu ni urithi, mtoto anapokea kijiti. Muulize mwanao fomu wani ilikuwaje kwake.

#5 Mwl wa Isevya
Poleni na majukumu. Mimi ni mwalimu hapa Tabora mjini, miaka kadhaa nimeshika dawati la ushauri nasaha, kwa hiyo hili swali nimelala nalo sana.

Mama, swali lako la "anajua au hajui" ndilo wanasaikolojia wamehangaika nalo. Kuna mmoja anaitwa Albert Bandura, alizaliwa Kanada, akafundisha chuo kikuu cha Stanford huko Marekani, amefariki 2021. Yeye anasema mtu hahitaji kuwa hana dhamira ili afanye ubaya. Dhamira ipo ila ina swichi, na mtu mwenyewe anaizima kwa maneno. Akataja njia nane. Sitazitaja zote ila tazameni hizi ambazo zimeshaandikwa humuhumu. Dogo #3 kasema "ni utani tu", hiyo ni kulipatia jambo baya jina zuri. Halafu "ukikasirika ndo unazidi kuitwa", hapo kosa limeshahamia kwa anayeonewa. Njuka #4 na "na sisi tulifanyiwa". Ukiongeza "darasa zima lilikuwa linaguna", hapo kila mmoja amebeba kipande kidogo cha kosa hadi hakuna aliyebeba. Na ile kubwa kuliko zote, kumuondolea mtu utu. Mwaka 1975 Bandura na wenzake walifanya jaribio, wanafunzi wa chuo waliambiwa watawaadhibu watu wengine kwa shoti ya umeme wakikosea. Hao "wengine" hawakuwa wakiumia kweli, lakini wanaoadhibu hawakujua. Kabla ya kuanza walisikia kama kwa bahati mbaya mtu akiwaelezea hao watu, kwa kundi moja wakaitwa kama wanyama, kwa lingine wakasifiwa kuwa ni waelewa. Walioitwa wanyama ndio waliopigwa shoti kali zaidi. Neno moja tu lililosikika pembeni. Sasa fikiria neno Mkimbizi likisikika mara ishirini kwa siku.

#6 Msumari
Mwalimu nakuheshimu lakini hayo ya Stanford hayajawahi kumnyoosha mtoto wa Katubuka. Mtoto anajua vizuri tu. Anachokosa ni woga.

#7 Bi Mkubwa Ujiji
Wanangu hamjambo. Nimesoma hapo juu mjukuu wangu wa Gungu anasema utani, nimeona nisinyamaze. Utani mimi nimekulia ndani yake. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Mtani anaweza kukuta kwangu msiba akalala mbele ya jeneza akasema halitoki mpaka alipwe, na hakuna wa kumkasirikia. Lakini sikilizeni, huyo huyo mtani ndo anachimba kaburi, ndo anapika, ndo anabeba maji. Na kesho mimi nikienda kwake namfanyia vilevile. Utani unarudi. Mjukuu na bibi wanataniana, ananiita mchumba na mimi namwambia huna hata mahari ya kuku. Sasa huyo mtoto wa Kasulu aliwaita wenzie nini? Alipewa nafasi ya kurudisha? Na siku akifiwa, nani kati yao atakwenda kuchota maji? Msilichafue jina la utani.

#8 Dogo wa Gungu
Bibi shikamoo. Hapo sina la kujibu. Ila kiukweli wengine huwa wanarudisha, huyo Mgebuka anaturudishia vibaya mno mpaka tunakimbia.

#9 Bi Mkubwa Ujiji
Marahaba. Huyo sawa, huyo ni mtani wenu.

#10 Mtoto wa Ulyankulu
Naomba niseme kuhusu lile jina. Wazazi wangu walikimbia Burundi 1972 wakawekwa Ulyankulu, sasa ni wilaya ya Kaliua. Mimi nimezaliwa Tabora, nimesoma Tabora, baadaye wazee wetu wakapewa uraia. Shuleni nilikuwa naitwa hilohilo. Watu wanafikiri linauma kwa sababu ukimbizi ni aibu, si hivyo. Baba yangu alikimbia kuokoa watoto wake, hiyo si aibu. Linauma kwa sababu linakwambia hapa si kwenu, unaweza kuondolewa muda wowote, na mtoto hana namna ya kujibu hilo. Atajibu nini, alete hati?

Na Mama, huyo mtoto wa Kasulu ni Muha wa hapahapa Tanzania, sasa hata lingekuwa kweli lisingekuwa halali. Naona watu wanaweza kumtetea kwa kusema "jamani si mkimbizi huyu ni Muha mwenzetu". Msimtetee hivyo. Aliye mkimbizi kweli kule kambini Nyarugusu naye ana mtoto anayesoma.

#11 Mama Mwanga
@Mtoto wa Ulyankulu asante, nimekusoma mara mbili, na ni kweli mimi mwenyewe pale shuleni nilisema hivyohivyo, kwamba yule si mkimbizi.

#12 Nahodha
Mimi nilikuwa huyo mwanao. Nazungumza kama nilivyokuwa, simsemei yeye. Nilikuwa na miaka 14, mfupi, mpira sijui, hesabu sijui. Siku moja nikamuigiza mwenzetu mmoja mwenye kigugumizi, darasa likaanguka kwa kicheko, mpaka wale wababe wa nyuma wakanigongea mkono. Sijawahi kujisikia vile. Kesho yake walikuwa wananisubiri niigize tena. Nikiacha narudi kuwa si kitu. Nilikuwa nataka sifa na yule bwana ndo alikuwa bei yake. Simchukii, sikuwahi kumchukia. Hilo ndo watu hawaelewi, wanafikiri lazima uwe na chuki.

Miaka mingi baadaye nilikutana naye kwenye treni ya kutoka Tabora, tukakaa siti za kutazamana, akanisalimia vizuri tu. Nikashindwa kusema. Kaliua, Malagarasi, Uvinza, mpaka mwisho wa reli sikusema.

#13 Fundi Redio
Nahodha daah.

Nichangie kidogo, nilisikia kwenye kipindi kwamba aliyeanzisha utafiti wa uonevu shuleni ni Mfini anaitwa Olweus, baada ya watoto watatu kujiua Finland. Naye alisema tatizo ni tabia ya mtoto mwenyewe, kuna watoto wana hulka ya ukali toka nyumbani.

#14 Mhasibu wa Uvinza
Mkuu #13 umechanganya nchi. Dan Olweus alikuwa Mswidi, kazi yake kubwa kaifanyia Bergen, Norway. Alianza kuchunguza miaka ya 1970, vifo vya wale vijana watatu vikatokea Norway mwishoni mwa 1982, ndo 1983 serikali ikaanzisha kampeni ya nchi nzima na yeye akajaribu mpango wake kwenye shule za Bergen. Na ndo aliyetupa maana inayotumika mpaka leo: iwe makusudi, ijirudie, na mmoja awe na nguvu kuliko mwenzie. Ukiangalia hiyo ya tatu ni kama alichosema Bi Mkubwa, anayeonewa hawezi kurudisha.

Wafini wao walikuja na kitu kingine. Christina Salmivalli na wenzake, 1996, wakaangalia watoto wa miaka 12 na 13, wakaona huwezi kusema mwonevu na mwonewa ukaishia hapo. Kuna msaidizi wa mwonevu, kuna mchekaji anayetia moto, kuna anayejitenga, kuna mtetezi. Karibu darasa zima lina kazi. Ndo wakaja kutengeneza mpango wa kuzuia uonevu unaoitwa KiVa pale Turku, ukasambaa shule za Finland kuanzia 2009, unalenga zaidi wale watazamaji.

#15 Fundi Redio
Nimekosolewa nimekubali, asante mhasibu.

#16 Mama Mwanga
Nimerudi wadau. Jana baada ya chakula nilikaa naye nje, baba yake hakuwepo. Sikufoka. Nikamuuliza, ulikuwa unaona kwamba inamuuma? Akanyamaza sana. Akasema "nilikuwa naona." Nikamuuliza ulionaje. Akasema masikio yake yalikuwa yanacheza, akikaribia kulia masikio yanacheza, na wakiyaona yanacheza ndo wanacheka zaidi.

Mimi nimezaa huyu mtoto na sikujua ana jicho kali hivyo. Nimeogopa kuliko pale nilipoitwa shule.

#17 Msumari
Si niliwaambia. Anajua.

#18 Mwl wa Isevya
Msumari hapo umepatia nusu na nakupa haki yako. Zamani walidhani mtoto mbabe ni mzito wa kuelewa hisia za wenzie. Mwaka 1999 kule Uingereza akina Jon Sutton na Peter Smith wakawapima, wakakuta viongozi wa makundi ya uonevu ni wazuri sana wa kusoma mawazo na hisia za wengine, kuwazidi hata wale wafuasi wao. Na ina mantiki, bila kujua kinachomuuma mtu utamuumizaje bila kumgusa? Masikio yanayocheza haya hakuna mtoto mzito angeyaona.

Sasa hapo ndo ugumu. Kuna kujua, na kuna kujisikia. Mwaka 1988 watafiti wawili kule Ujerumani, Nunner-Winkler na Sodian, waliwapa watoto hadithi za mtoto aliyeiba pipi. Hata wa miaka minne wanajua kuiba ni vibaya. Ukiwauliza huyo aliyeiba anajisikiaje, wengi wanasema anafurahi, si kapata pipi. Wa miaka minane wengi wanasema anajisikia vibaya. Yaani sheria inaingia kichwani kwanza, moyoni inafika kwa kuchelewa, na kwa wengine inafika lakini si kwa kila mtu. Inafika kwa bibi, haifiki kwa mgeni wa darasani.

Kwa hiyo Mama mimi sioni kama mwanao ana sura mbili. Jicho linaloona miguu ya bibi inauma ndilo lililoona masikio.

#19 Njuka Mstaafu
Mwalimu hapa tunapishana. Unaongea kana kwamba jambo lote liko ndani ya mtoto, swichi, jicho, moyo. Kule bwenini kwetu tulikuwa zaidi ya mia na karibu wote tulifanya. Haiwezekani wote tulikuwa na swichi mbovu. Viranja walikuwa wanaona, patroni alikuwa anasikia kelele za usiku halafu asubuhi anatuambia "mmewapokea vizuri wageni?" anacheka. Hiyo ni shule kutufundisha. Na mwalimu anayemwita mtoto "we kilaza simama" mbele ya darasa, huyo ametoa ruhusa. Huyo mtoto wa Kasulu darasa linaguna, mwalimu alikuwa wapi? Hakusikia mguno?

#20 Mwl wa Isevya
Hilo nalikubali na linanihusu. Nimewahi kusikia mguno nikaendelea kuandika ubaoni kwa sababu silabasi ilikuwa nyuma.

#21 Msumari
Turudi kwenye fimbo. Sheria inaruhusu mpaka viboko sita, kwa hiyo shule ingefanya kazi yake mapema tusingefika hapa.

#22 Mhasibu wa Uvinza
Sita ilikuwa kanuni za 1979. Toka 2002 ni visivyozidi vinne, kwa kosa kubwa, anachapa mkuu wa shule au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi, na vinaandikwa kwenye kitabu. Msichana anachapwa na mwalimu wa kike kama yupo. Ni shule ngapi mnazijua zinafuata hata hivyo?

#23 Nahodha
Msumari kaka, mimi nilichapwa kwa kile kigugumizi nilichoigiza. Vinne vya haki kabisa. Nilirudi darasani nikapigiwa makofi. Nikawa shujaa. Aliyelipia zile fimbo ni yule mwenye kigugumizi, maana walimfuata kwa kuwa "kachoma", yaani kasema kwa walimu.

#24 Msumari
Nahodha sikatai kwamba ilikutokea. Lakini mimi ilinisaidia, nilimpiga mdogo wangu na jiwe, mzee akanichapa, sijarudia. Na mzee alilia baada ya kunichapa, nakumbuka.

#25 Mtoto wa Ulyankulu
Sasa Msumari kilichokubadilisha ni fimbo au ni machozi ya mzee?

#26 Msumari
Sijawahi kulifikiria hivyo. Vyote. Niacheni.

#27 Asali Mbichi Sikonge
Nimechelewa, uzi mzuri sana. Ila naona Kigoma mmejaa humu, hata mwalimu wetu wa Tabora mmemchosha, mpeni basi migebuka ya kurudi nayo.

#28 Dogo wa Gungu
Alete kwanza asali tubadilishane, ile ya miombo halisi, siyo ya kuchemsha sukari na ndimu.

#29 Asali Mbichi Sikonge
Hiyo ya sukari wanawauzia nyie mnaoshangaa stesheni.

#30 Mhasibu wa Uvinza
Kabla hatujahamia sokoni kabisa. Kuna uchunguzi wa Kanada, Toronto, ulitoka 2001, walirekodi video watoto wa msingi kwenye viwanja vya kuchezea. Katika matukio ya uonevu, 88% kulikuwa na wenzao wanatazama. Wenzao waliingilia kwenye 19% tu ya matukio. Lakini walipoingilia, zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu ulikoma ndani ya sekunde kumi. Sekunde kumi jamani. Nilivyosoma hiyo niliwaza miaka yangu yote ya sekondari.

#31 Dogo wa Gungu
Kaka hiyo ya sekunde kumi kwenye karatasi ni rahisi. Ukimtetea mtu kesho ni zamu yako. Tulikuwa na mwenzetu alimtetea mmoja, akaanza kuitwa mume wake. Akaacha kumtetea. Na sisi wengine si kwamba tunafurahi, unacheka ili wasikugeukie. Nikifika nyumbani huwa nakumbuka sura ya mtu. Halafu kesho nacheka tena.

#32 Bi Mkubwa Ujiji
Mjukuu wangu, hilo la kukumbuka sura usilipuuze. Wewe peke yako hutaweza, lakini watatu mtaweza. Mtafute huyo Mgebuka wenu mwenye mdomo mkali, awe upande wako.

#33 Mama Mwanga
Nimeamua hivi, mnisahihishe. Jumamosi naenda kwa wazazi wa yule mtoto na mwanangu, baba yake ameafiki. Wanakaa kwa ndugu huku Katubuka. Nilitaka mwanangu apige magoti aombe radhi mbele ya watu wote wa nyumba ile.

#34 Mtoto wa Ulyankulu
Mama nakuomba sana, magoti mbele ya watu hapana. Mimi aliletwa mmoja kwetu akapiga magoti, baba yake kamshika shingo. Jumatatu akanilipa mara mbili. Na mimi sikutaka magoti yake, nilitaka aniite jina langu. Muulizeni kwanza mtoto mwenyewe kama anataka kumuona. Anaweza asitake, na ni haki yake.

#35 Mwl wa Isevya
Naunga mkono. Kuna Mmarekani anaitwa Martin Hoffman, toka miaka ya 1960 alilinganisha wazazi wanaotumia nguvu na wale wanaomuelekeza mtoto kile alichomfanyia mwenzie, hawa wa pili watoto wao ndo walionekana kuwa na dhamira ya ndani zaidi. Ile ya jana uliyouliza "ulikuwa unaona inamuuma" ndo yenyewe, hukuwa hata umesoma. Endelea hapohapo: zile wiki mbili mwaloni alikula nini? Mama yake alijisikiaje alipojua? Mwache ajibu yeye. Na shule nayo usiiache, lile jina lilianzishwa na mmoja lakini linaitwa na arobaini.

#36 Njuka Mstaafu
Hiyo sentensi ya mwisho ndo nilikuwa naingojea kwako mwalimu.

#37 Msumari
Mimi bado sijashawishika kwamba maneno matupu yanatosha. Ila dada nenda, na baba yake aende pia, mtoto aone wanaume nao wanaomba radhi.

#38 Mama Mwanga
Asanteni. Basi nitatangulia mimi na mume wangu, mwanangu abaki mpaka tusikie yule mtoto anasemaje. Nimempigia mama yake, amesema karibuni, sauti yake haikuwa na ugomvi, ila alisema mtoto hataki kurudi shule ile. Na jambo moja limenikaa: nilimuuliza mwanangu jina halisi la mwenzie ili nijue namna ya kumwita nikifika. Hakulijua. Muhula mzima.

#39 Nahodha
Mama Mwanga, mimi boti yangu ipo Kibirizi, kila alfajiri niko pale. Tangu jana najiuliza, nadhani huyo mtoto nimeshamuona, wa sare anayekaa karibu na vichanja vya dagaa. Wiki iliyopita alikuwa anawasaidia kina mama kugeuza dagaa juani, hasemi na mtu. Leo sijamuona. Kesho nikimuona nitampa uji tu, sitamuuliza chochote, halafu nitakuandikia kwa siri ili mama yake ajue alipo.